Mama na Mawe ya Wagiriki

Dada yangu aliolewa na Mtaliano aliyekuja Mpanda kuchimba visima vya maji vijijini. Walifunga ndoa msikitini, hapa Kashaulili, baada ya yule bwana kutamka shahada mbele ya imamu, akiwa amevaa kanzu ya kuazima iliyomwishia chini kidogo ya magoti kwa urefu wake. Mama alipokea mahari, akapika pilau ya watu wengi, akacheka na wageni, na hakuridhika. Hakumwambia mtu. Ila tangu siku ile kila alipomtaja mkwe wake alimwita "yule mtu wa visima." Mkataba wa kazi ulipoisha wakahamia kwao mwanamume, Sirakusa, mji wa kale katika kisiwa cha Sisilia, kusini kabisa mwa Italia.

Mimi ndiye mtoto wa mwisho. Nina duka la vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, rangi. Mama ana kibanda sokoni, anauza mchele, na asali anayoletewa na warina asali wa upande wa Inyonga. Baba alikwisha kufariki. Kwa hiyo dada alipopiga simu kusema ana mimba na anataka mama awe karibu atakapojifungua, ilieleweka bila mjadala kwamba nitamsindikiza mimi, kwa kuwa najua Kiingereza cha kuombea maji na mama hakuwahi kupanda ndege.

Nilidhani atakataa. Alikubali siku ile ile, akaanza kumtafuta mtu wa kumshikia kibanda. Sababu niliijua tukiwa ndani ya basi, tumeshaipita Tabora.

"Unajua ninachokwenda kufanya huko?" aliniuliza.

"Kulea mzazi."

"Hilo mojawapo. Nataka nione kwa macho yangu kama mwanangu bado anaswali. Na huyo mtoto, wakitaka kumbatiza, wanikute pale pale."

Akajifunika uso kwa kitenge, akalala hadi Dodoma.

Safari yenyewe haina hadithi. Mama aliogopa ngazi za umeme za uwanja wa ndege kuliko ndege. Tulifika Sirakusa mchana wenye jua kali, jua ambalo sikulitarajia Ulaya, na shemeji akatupokea kwa Kiswahili chake cha Mpanda alichofundishwa na mafundi bomba: "Nyie karibuni sana, poleni na safari." Mama akaitikia vizuri. Tukapanda gari lake.

Sehemu ya kale ya mji ule ni kisiwa kidogo kilichoungwa na bara kwa daraja, na nyumba yao ilikuwa humo. Mara tu ukimaliza daraja unakutana na shimo kubwa la mstatili katikati ya mji, limezungushiwa uzio wa chuma, na ndani yake mawe. Barabara iko juu, mawe yako chini, maana ardhi ya mji imepanda kwa karne nyingi. Nguzo mbili bado zimesimama nzima na kipande cha jiwe kimelazwa juu yake. Nyingine zimebaki visiki. Upande mmoja kuna ukuta mrefu usiobeba kitu. Pembeni kabisa linaanza soko la samaki na mboga, watu wanapiga kelele za bei, na hakuna anayeyatazama mawe isipokuwa wageni.

Shemeji alisimamisha gari ili tuone.

"Hili lilikuwa hekalu la Wagiriki," alisema. "La zamani sana."

"Wagiriki wana nini na Italia?" mama akauliza.

"Walikuja na meli, Mama. Kwao ardhi haikuwatosha. Wakawafukuza waliowakuta hapa, wakajenga mji wao. Lilikuwa koloni lao."

"Wakaja na mungu wao."

"Ndiyo. Huyu alikuwa wa jua na muziki."

Mama alifikiri kidogo. "Watu wakihama wanahama na vyao," alisema. "Wale wafugaji walioshuka kwetu kutoka kaskazini, walikuja na ng'ombe na ngoma zao. Hawa wakaja na mungu." Kisha akauliza kama nyumbani ni mbali, maana miguu ilikuwa imevimba.

Mimi nilibaki nikitazama. Mtu wa duka la ujenzi hawezi kuliona jiwe bila kuuliza limekaaje. Shemeji alinieleza kwamba kila nguzo ni jiwe moja tangu chini hadi juu, halikuungwa. Sikuona saruji popote, mawe yamekaliana kwa uzito wake tu. Nilijaribu kupiga hesabu ya watu wa kuisimamisha nguzo moja, nikashindwa.

Dada alikuwa mzito, anatembea kwa kushika kuta. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya pili. Ghorofa ya chini aliishi mama yake shemeji, mjane, nesi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mwanamume. Alimkumbatia mama mlangoni. Mama hakuzoea kukumbatiwa na mtu asiyemjua. Mikono yake ilining'inia tu. Baada ya hapo alimwita "nesi," na nesi alimwita mama kwa neno la Kiswahili alilofundishwa na dada, "dada." Hawakuwa na lugha nyingine kati yao.

Jibu la swali la kwanza mama alilipata mapema. Alipoamka alfajiri na kumgongea mlango mwanawe, dada alisema amechoka. Kesho yake alisema vilevile. Siku ya tatu mama hakugonga.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Hospitalini, mama alipomshika mjukuu wake, alimgeukia shemeji akamtazama, akangoja. Shemeji akatabasamu. Hakujua anangojewa nini. Mama akangoja tena kidogo, kisha akanipa mimi mtoto, na mimi ndiye niliyemwadhinia sikioni, kazi ambayo kwetu ni ya baba, kwa sauti ya chini ili wagonjwa wengine wasisumbuke. Shemeji alielewa nilipofika katikati. Uso wake ukawa mwekundu, akatazama dirishani.

Waliporudi nyumbani, mama alitoa kwenye begi chupa ya asali ya Inyonga aliyoisafirisha ikiwa imefungwa ndani ya khanga tatu. Kwetu mtoto mchanga huonjeshwa kitu kitamu kabla dunia haijamwonjesha mengine. Alichovya ncha ya kidole. Nesi, aliyekuwa akikunja nepi, aliona, akapiga kelele, akamshika mama kifundo cha mkono.

Nesi aliongea haraka, na dada akatafsiri huku akiwa amekaa kitandani: mtoto wa umri ule hapewi asali, inaweza kuwa na vijidudu vya kumuua, hata kama ni asali safi.

"Mwambie nimelea watoto saba," mama alisema.

"Mama, hata madaktari..."

"Mwambie."

Dada akamwambia. Nesi akaachia mkono, akasema kitu kwa upole, lakini hakutoka pale alipokuwa amesimama, kati ya mama na kitanda. Mama alikipangusa kidole kwenye khanga, akaifunga chupa. Baadaye, tuliporudi, nilimuuliza daktari mmoja wa hapa Mpanda, akasema yule nesi alikuwa sahihi. Sikumpelekea mama taarifa hiyo.

Asubuhi iliyofuata mama hakuwepo nyumbani. Viatu vyake havikuwepo. Hakuwa na simu inayofanya kazi kule, hakujua jina la mtaa, na hakujua neno hata moja la Kitaliano zaidi ya ahsante. Shemeji alikimbilia upande wa bahari, mimi nikaenda upande wa daraja.

Nilimkuta sokoni. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya meza ya muuza samaki, mikono imefumbatwa mapajani, kama anavyokaa kibandani kwake wateja wakiwa wachache. Muuza samaki alikuwa mwanamume wa makamo mwenye aproni ya plastiki.

"Huyu ni Mwislamu," mama aliniambia hata kabla sijafungua mdomo. "Nilipita nikasikia anaweka Kurani kwenye redio yake ndogo. Nikamsalimia."

Mtu yule alikuwa Mtunisia. Kiarabu chake mama hakukijua, na Kiswahili chetu yeye hakukijua, lakini salamu waliijua wote, na sala, na Ramadhani, na mauti. Kwa maneno hayo machache walikuwa wamezungumza muda mrefu. Mama alinyoosha kidole kuelekea kwenye uzio wa chuma.

"Anasema pale palikuwa msikiti."

"Pale ni hekalu la Wagiriki, Mama. Shemeji ametueleza."

"Muulize."

Nilimuuliza kwa Kiingereza. Naye Kiingereza hakuwa nacho. Akayaonyesha mawe kwa kisu cha samaki. "Masjid," alisema. "Masjid, masjid."

"Unasikia?" mama akasema.

Shemeji alipofika, anahema, alithibitisha. Hakuona kwamba ni jambo la kutueleza siku ya kwanza. Hekalu lilipoachwa na Wagiriki lilikuwa kanisa. Waarabu walipokiteka kisiwa likawa msikiti. Wakaja watu wa kaskazini, likawa kanisa tena. Baadaye wanajeshi walilifanya kambi, kisha watu wakajenga nyumba zao juu yake na ndani yake, mpaka walipokuja wataalamu wakazibomoa nyumba ili wayafikie mawe ya mwanzo.

"Kwa hiyo huo msikiti walioubomoa uko wapi?" mama akauliza.

"Hakuna kilichobaki, Mama. Walichotaka ni hekalu."

Mama alisimama akakung'uta magamba ya samaki kwenye gauni. Alimuuliza Mtunisia kibla kwa kunyanyua mikono masikioni na kutazama huku na huku. Yule bwana akamwonyesha. Mama alisita. Kwetu Mpanda tunaelekea kaskazini, na kule alionyeshwa kusini mashariki, ng'ambo ya paa za nyumba, upande wa bahari. Nadhani ndipo alipoelewa amefika mbali kiasi gani.

Tangu hapo kila adhuhuri alikwenda pale. Kuingia ndani ya uzio hakuruhusiwa, kwa hiyo alitandika khanga kwenye kona ya nje yenye kivuli, kati ya uzio na meza ya Mtunisia, akaswali. Mara ya kwanza watu walimtazama. Mara moja mlinzi wa mawe alikuja kuuliza, Mtunisia akamwambia maneno mawili matatu, mlinzi akaenda zake. Baada ya hapo wauza mboga wakawa wanamwachia nafasi na kusogeza makreti yao.

Dada aliposikia alicheka. "Anaswali kwa niaba yangu," aliniambia. Sikuwa na hakika kama ndivyo.

Suala la ubatizo lilikuja siku chache baadaye, na lililetwa kwa nia njema. Nesi alipanda ngazi akiwa amebeba sanduku la karatasi. Ndani yake kulikuwa na gauni jeupe la mtoto, la lesi, refu kuliko mtoto mwenyewe mara mbili. Shemeji alibatizwa nalo, na baba yake kabla yake. Alilitandaza mapajani mwa mama ili alione. Mama alilipapasa, akageuza upindo kuangalia mshono, maana ni mtu anayejua nguo.

"Zuri," alisema. Akalikunja vizuri kwa mikunjo yake ya zamani, akalirudisha ndani ya sanduku. Halafu akamgeukia shemeji.

"Wewe ulitamka shahada mbele ya imamu. Nilikuwepo."

"Nilitamka, Mama."

"Ulikuwa unasema nini?"

Shemeji ni mtu asiyejua kusema uongo wa haraka. Hata visimani, wanakijiji walipomuuliza kama maji yatatoka, aliwaambia hajui. "Nilikuwa nasema namtaka binti yako," alisema. "Wangeniambia niseme kitu kingine, ningesema."

Nesi alikuwa akimtazama dada ili atafsiriwe, lakini dada hakutafsiri. Alikuwa ananyonyesha.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kutamka, Mama," dada alisema. "Yeye alitaka twende serikalini tu. Mimi nilitaka wewe upike pilau."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wangu. Sasa hivi ananyonya. Naomba nyie wote mumwache anyonye."

Ndivyo yalivyoisha mazungumzo yale, kama yaliisha. Mama alikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nesi alishuka na sanduku lake. Kuanzia hapo kwa siku kadhaa nyumba ile ilikuwa na heshima nyingi mno. Kila mtu alimpisha mwenzake mlangoni.

Siku ya saba ilikuwa imetupita; ya kumi na nne mama alisema mtoto atanyolewa. Hakuomba ruhusa, ila alimtazama dada, na dada akaitikia kwa kichwa. Mtunisia alitupatia mbuzi kwa mchinjaji wa kwao, na mke wake akaja na tende. Mama alitafuna kipande cha tende mpaka kikawa laini, akakipitisha mdomoni mwa mtoto. Alikuwa anamtazama nesi wakati akifanya hivyo. Nesi alikuwa amefika bila kuitwa, amesimama kwenye kizingiti. Alitazama ile tende, akatikisa kichwa, lakini safari hii hakumshika mtu mkono.

Wembe ulipotoka mtoto alianza kurusha kichwa. Mama alijaribu mara moja, akaacha. Mke wa Mtunisia akasema yeye hawezi. Nesi akaenda jikoni, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akarudi, akapiga magoti, akakishika kichwa cha mjukuu wake kwa viganja viwili, kwa namna ambayo mtoto alitulia mara moja. Mama akanyoa. Hakuna tone la damu lililotoka. Nywele zilipokwisha nesi alizikusanya zote kwenye leso na kumkabidhi mama, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba hupimwa, na uzito wake ukatolewa sadaka.

Nyama tuliigawa kwa majirani na sokoni. Nesi alikula, akaomba pilipili.

Wiki zilizobaki wale wanawake wawili walishuka pamoja kila adhuhuri. Mama aliswali kwenye kona yake, na nesi alikaa kwenye benchi akisukuma kigari cha mtoto mbele na nyuma kwa mguu. Siku moja shemeji alinichukua kulitazama kanisa kuu la mji. Nalo limejengwa ndani ya hekalu jingine la Wagiriki; nafasi kati ya nguzo zimezibwa kwa ukuta, lakini nguzo zenyewe zinaonekana, zimetokeza ndani na nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nilipowasimulia, mama aliuliza kama zile nguzo zinabeba paa. Nikamwambia bado zinabeba. "Basi wana akili," alisema. "Hawakubomoa."

Tukarudi Mpanda mwanzoni mwa mvua. Watu walikuja kibandani kumuuliza Ulaya kukoje, na mama, ambaye kwa kawaida si mchache wa maneno, aliwaambia kuna soko zuri la samaki na watu wake wanapenda watoto. Mmoja aliuliza kama binti yake ameshika dini. "Ana mtoto mdogo," mama alijibu, akaendelea kupepeta mchele.

Miezi ilipita. Siku moja dada alinipigia mimi badala ya mama, akaniomba niende kibandani niwe karibu. Nilikwenda, nikaweka simu kwenye spika. Dada alisema mtoto amebatizwa Jumapili iliyopita. Nesi aliugua, akadhani anakufa, akaomba jambo hilo moja, nao hawakuweza kumkatalia. Sasa amepona.

Mama alikuwa na ungo mikononi. Aliuweka chini.

"Mtoto alilia?"

"Kidogo."

"Maji yalikuwa ya baridi?"

"Hapana, Mama. Mama mkwe alimtaka padri ayapashe kwanza."

"Huyo nesi," mama alisema. Akaokota chuya kwenye ungo, moja moja, mpaka dada akauliza kama simu imekatika. "Haijakatika. Mwambie apumzike. Mtu akitoka kuumwa asipande ngazi."

Dada alianza kulia. Mama alinirudishia simu nimalizane naye, akamhudumia mteja aliyekuwa amesimama pale. Sikumwona akilia, si siku ile wala baadaye. Ila kwa muda fulani hakupenda nikae kibandani kwake, na nilipomletea chakula alinishukuru kama mgeni.

Mwaka jana wakati wa kiangazi dada alikuja na mtoto, bila shemeji, ambaye alikuwa kazini. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, akiongea lugha mbili kwa kuzichanganya. Alifundishwa shikamoo, akawa anasalimia kila kitu, hadi mbuzi wa jirani. Alimfuata bibi yake sokoni kila asubuhi, akakaa juu ya gunia la mchele. Ijumaa ya kwanza mama alimvalisha ushungi mdogo akaenda naye msikitini. Dada alikuwa mlangoni anachambua mboga. Aliwaona wakitoka, akawatazama mpaka walipokata kona, kisha akaniuliza kama duka langu lina rangi ya kupaka dirisha lililobabuka. Jumapili yake dada alibaki nyumbani na mtoto, wakafua nguo.

Walikaa mwezi mmoja. Siku ya kuondoka mama hakwenda stendi. Alisema jua kali. Mimi ndiye niliyewapakilia mizigo. Niliporudi alikuwa amelala, ana homa; sikujua kama ni hiyo iliyomzuia au ni kuagana. Alipimwa, akakutwa na malaria, akatumia dawa, na wiki iliyofuata alirudi kibandani. Mchele ulikuwa umepanda bei.